Gurudumu Moja kwa Pikipiki Nne

Mtaani kwao hakuna aliyewaita wale ndugu wawili kwa majina waliyopewa na mama yao. Mkubwa aliitwa Themanini, mdogo aliitwa Tisa, kifupi cha Sabini na Tisa, na mgeni asiyejua kisa angedhani ni namba za nyumba. Ilikuwa ni miaka ya pikipiki. Marehemu baba yao alikuwa fundi wa pikipiki za motokrosi, zile nyepesi za Kijapani zenye tairi za meno makubwa, zilizoundwa kurukia vilima na kula matope. Alipofariki aliwaachia nne za aina moja, zote za manjano, zilizotoka kiwandani kwa kufuatana: ya sabini na nane, ya sabini na tisa, ya themanini na ya themanini na moja. Mkubwa alishikilia kwamba ya themanini inazipita zote. Mdogo alishikilia kwamba kiwanda kilifika kileleni mwaka mmoja kabla, kisha kikaanza kuiharibu kazi yake chenyewe. Watu wazima na akili zao timamu, walilumbana juu ya jambo hilo tangu hawajaota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zilikuwa na mvi.

Mke wa Tisa alikuwa mshonaji wa viti vya pikipiki. Cherehani yake nzito ilikaa chini ya dirisha la karakana, na miaka yote ya ndoa yake malumbano hayo yalipita juu ya kichwa chake huku yeye akikokota ngozi chini ya sindano. Aliyajua yote kwa moyo. Ya sabini na nane ni ngumu kama benchi. Ya sabini na tisa, shokapu za nyuma zimeinuliwa na tangi limekuwa jembamba, hivyo mpandaji anasogea mbele na nyuma atakavyo. Ya themanini ina miguu ya mbele, ile inayoshika gurudumu, minene isiyopinda hata ukitua vibaya, lakini injini yake inasinzia, halafu inaamka ghafla. Ya themanini na moja ina shokapu moja tu nyuma na injini inayopozwa kwa maji, na hiyo wote wawili waliidharau. Ndilo jambo pekee walilowahi kuafikiana.

Mzee alipokuwa hai, malumbano yaliishia kwenye kicheko. Ukimuuliza yeye ipi ni bora, alikuwa akijibu, "Panda, uje uniambie," anarudi kwenye kazi yake. Alipoondoka hapakuwa tena na mtu wa kuwacheka. Maneno yakaanza kuwa na ncha. Siku moja, mbele ya wateja, Tisa akatamka jambo ambalo hakupaswa kulitamka.

"Baba mwenyewe alikuwa anaipenda sabini na tisa," alisema. "Alikuonea huruma tu, hakukwambia."

Themanini aliiweka spana chini taratibu. Alikuwa mtu mpana, mzito wa kusema, mwenye goti lililokwisha kuharibika kwa kuanguka ujanani, na alipokasirika hakupaza sauti.

"Basi tulinganishe," alisema. "Kama alivyokuwa akilinganisha baba. Atakayeshindwa aikate fremu yake kwa msumeno, mwenzake akiangalia. Tuyamalize haya mambo."

Tisa alicheka, akakubali, akampa mkono. Wateja nao wakacheka. Themanini hakucheka. Alipopita karibu na cherehani akielekea nje, alisema maneno mengine kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na nafsi yake.

"Ila kabla sijaikata fremu aliyoniachia baba, mtu atazikwa."

Mguu wa mshonaji uliganda juu ya pedeli. Aliinua macho akaona mgongo wa shemeji yake ukitoka mlangoni, na tangu siku ile hofu ikaingia ndani ya nyumba yake na kukaa kitako.

Alimwambia mumewe. Mumewe alikuwa anakula, akatikisa kichwa.

"Kaka anaropoka tu. Unamjua."

"Namjua. Haropoki yule. Wewe ndiye unayeropoka."

"Sawa. Basi tumebadilishana zamu," alisema Tisa, akaomba aongezewe mchuzi.

Huyo ndiye aliyekuwa mume wake: mwepesi wa mwili, mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kusahau. Ndivyo alivyompenda, na ndivyo alivyomchosha.

Sasa, jinsi mzee alivyokuwa akilinganisha, hapo ndipo penye kisa chenyewe. Mzee alisema ukipanda pikipiki mbili zenye tairi tofauti, utakuwa umelinganisha tairi, hujalinganisha pikipiki. Kwa hiyo aliweka gurudumu moja la mbele, lenye tairi zuri, likapita kwenye zote nne. Ukimaliza kupanda ya kwanza unalifungua, unalifunga kwenye ya pili, na kuendelea. Mafuta ya dumu moja. Mpandaji mmoja, njia moja. Mwingine anashika saa. Wanawe walirithi utaratibu huo bila kuugusa. Kwa kuwa goti la mkubwa lilikataa, mdogo ndiye angepanda zote, hata ya mpinzani wake, na mkubwa ndiye angeshika saa. Mmoja angeweza kupanda kwa uvivu, mwingine angeweza kuibonyeza saa kwa kuchelewa, na wala hakuna hata mmoja wao aliyelifikiria hilo. Mshonaji naye hakulifikiria. Kama angelifikiria, pengine angemwona shemeji yake kwa jicho jingine.

Kulikuwa na sheria nyingine ya mzee, iliyofuatwa karakanani kwa ukali zaidi ya zote: nati aliyoifunga mtu haiguswi na mwingine. Aliyeifunga anaijibia. Kwenda nyuma ya fundi mwenzako kuijaribu nati yake kwa spana ilikuwa ni kumtukana usoni. Mzee alimfukuza kazi mtu kwa kosa hilo.

Na kuhusu maneno ya mshonaji juu ya vyuma, hilo nalo lilikuwa na sheria yake isiyosemwa. Mwaka mmoja aliwahi kuuliza mbona mnyororo fulani umelegea. Ndugu wote wawili walimgeukia kwa pamoja wakacheka, na Tisa akasema, "Wewe shona, mama." Haukuwa ubaya. Mnyororo ule ulitakiwa kulegea vile. Lakini alinyamaza toka siku hiyo, na kila alipoona kitu kwenye pikipiki alikimeza.

Wiki zilizofuata, Themanini alijifungia na pikipiki yake. Aliifungua yote, akaipanga vipande vipande juu ya magunia, akaiosha, akaifunga tena. Hakuimba kama alivyozoea. Alikuja asubuhi kabla ya wengine, na mara mbili au tatu mshonaji alipoingia alimkuta amesimama tu katikati ya pikipiki mbili, ya themanini kushoto na ya sabini na tisa kulia, mikono mfukoni, akiitazama ile ya mdogo wake. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu, "Naangalia." Msumeno wa chuma aliununua mpya. Akaufunga kwenye kitambaa, akautundika ukutani juu ya benchi, na kila mara mshonaji alipoinua macho kutoka kwenye cherehani uliingia machoni mwake.

Siku moja kabla ya safari ya kwenda kuzilinganisha, Themanini alikuja kusimama karibu na mshonaji.

"Shemeji, kesho usije."

"Kwa nini?"

"Ukiwepo, huyu anajionyesha. Anaruka juu kuliko inavyotakiwa. Nataka apande kwa akili."

Ilikuwa sababu nzuri, na ya kweli pia, maana Tisa alikuwa hivyo tangu uchumba. Lakini mshonaji aliisikia kwa masikio ya mtu mwenye hofu. Alisikia kwamba shemeji yake hataki shahidi. Asubuhi yake alikuwa wa kwanza kupanda kwenye gari, na boksi la sindano na nyuzi mapajani.

Walikwenda kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, nyuma ya kiwanda cha matofali. Siku hiyo kiwanda kilikuwa kimya, isipokuwa vibarua wachache waliokuwa wakipanga matofali upande wa mbali. Njia ilizunguka shimo, ikapanda ukingo, ikashuka kwenye tope jekundu, ikarudi kwa kilima ambacho mpandaji hukirukia hewani kabla ya kumaliza mzunguko. Themanini alizishusha pikipiki zote nne akazipanga kwa miaka yao. Kisha akautoa msumeno, akaufungua kitambaa, akaulaza juu ya jiwe ambapo kila mtu angeuona.

"Huo nao wa nini sasa hivi?" aliuliza Tisa.

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana, ndiyo. Lakini unautandika kama chakula."

Themanini alichukua saa yake ya kamba, ile ya kupimia mbio, akaivaa shingoni.

Ya sabini na nane ilipandwa kwanza. Haikuwa na la kusema. Ilirukaruka kwenye tope kama ilivyotarajiwa, Tisa akarudi akishika kiuno. Wakalifungua gurudumu la mbele wakalifunga kwenye ya sabini na tisa. Mshonaji alisimama karibu, akatazama. Katikati ya gurudumu hupita ekseli, ufito wa chuma unaoshika mguu huu na mguu ule wa pikipiki, na mwishoni mwake hukazwa nati. Tisa alipomaliza kuikaza, ncha ya ekseli ilichungulia nje ya nati, kidogo, kiasi cha ukucha. Mshonaji aliipenda ncha ile. Katika kazi yake, uzi usiobakiza ncha baada ya fundo hufumuka, na alifurahi kuona chuma nacho kina adabu hiyo.

Ya sabini na tisa ilipaa. Hakuna neno jingine. Tisa aliupanda ukingo kama hauna mwinuko, akapita topeni bila kukaa, akakirukia kilima akatua kimya kabisa. Alipozima injini alikuwa anacheka peke yake ndani ya helmeti. Themanini aliitazama saa, akaitazama tena, akamwonyesha mdogo wake. Ilikuwa imeiacha mbali ya sabini na nane, mbali kupita kiasi.

"Kaka," alisema Tisa, "hata tukiishia hapa sitakulaumu."

"Bado," alisema Themanini.

"Haya. Bado."

Mshonaji aliutazama uso wa shemeji yake na haukumpendeza. Ulikuwa umefunga. Wakati huohuo Tisa alimwita: kiti cha ya themanini kilikuwa kimefumuka mshono pembeni, kwa kukokotwa garini. Ilimuudhi kuona kazi yake imefumuka mbele za watu, hata kama watu wenyewe ni hao wawili. Alikifungua kiti, akakibeba mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akawapa mgongo, akashona.

Aliposhona hakuona. Alisikia spana, alisikia mumewe akipiga mluzi, alisikia gurudumu likibingirishwa. Kisha mluzi ulikwenda mbali, na alipogeuka alimwona Tisa anatembea kuelekea kwenye bomba la kiwanda, ng'ambo ya shimo, kuosha miwani na kunywa maji. Pikipiki ya themanini ilikuwa imekwisha kufungwa gurudumu. Na mbele ya gurudumu hilo, amechuchumaa kwa shida juu ya goti lake bovu, mgongo wake mpana ukiziba kila kitu, alikuwepo Themanini na kitu mkononi.

Mshonaji alikata uzi kwa meno. Alikuja na kiti taratibu, kokoto zikilia chini ya viatu vyake, na shemeji yake hakugeuka. Alikuwa amefungua kifuniko kidogo juu ya mguu wa mbele wa pikipiki, anaachia hewa kidogokidogo, anasikiliza inavyotoka. Alikuwa akifanya hivyo upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha mgonjwa.

Mshonaji aliinama kufunga kiti, na kutoka pale chini akaiona nati.

Haikuwa na ncha. Kwenye nati ile, mahali ambapo chuma kilitakiwa kuchungulia, palikuwa na tundu. Ekseli iliishia ndani, nusu ya njia, na tundu lile lilimtazama kama jicho. Kwenye ya sabini na tisa alikuwa ameona ncha. Hapa hapakuwa na ncha. Hakujua maana yake kwa lugha ya mafundi, lakini alijua si sawa.

Angeweza kusema, "Shemeji, mbona nati hii haina ncha?" Maneno machache tu, swali la mtoto. Yalifika kooni. Akauona ule mnyororo uliolegea na vile vicheko viwili, akaona aibu, na aibu ilipogongana na hofu ya wiki zote zile, kilichotoka mdomoni kilikuwa kikubwa kuliko nati.

"Umeifanya nini pikipiki hii?"

Themanini aligeuza kichwa. "Nimeitengeneza."

"Nimekuona. Umesubiri mwenzako ageuke."

"Namlegezea shokapu za mbele," alisema. "Nilikuwa nimezipima kwa uzito wangu. Yeye ni mwepesi, zingemrusha."

"Uongo."

Themanini alisimama, akijishika kwenye usukani. Nyuma yake, msumeno ulikuwa juu ya jiwe, umeshika jua.

"Unataka kumuua mdogo wako," alisema mshonaji. "Umeshaona unashindwa. Nilikusikia siku ile ukisema mtu atazikwa. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema," alijibu Themanini.

"Basi."

"Nilisema kwa hasira. Kumbe umeniweka moyoni hivyo muda wote huu, shemeji? Unanipikia chai asubuhi, huku unaniwazia hivyo?"

Uso wa mtu yule mpana ulikuwa umebadilika. Mshonaji alikuwa amejiandaa kuona hasira, na badala yake aliona kitu kilichomtia haya, kwa sababu shemeji yake alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na alishindwa kulifuata.

Themanini aliichukua helmeti ya mdogo wake iliyokuwa juu ya tangi, akaivaa. Ilimbana. Akaivua saa shingoni akamwekea mshonaji mkononi.

"Unafanya nini?"

"Napanda mwenyewe. Kama nimeiharibu, tutajua."

"Goti lako—"

"Goti ni langu." Alikuwa amekwisha kukaa. Akafikiri kidogo, akainamisha kichwa kumwelekea, na akaongea kwa ule upole wake wa zamani ambao yeye alikuwa ameusahau. "Akiuliza, mwambie nilikuwa nampashia injini moto. Haya mengine asiyajue. Ataumia bure."

Akaipiga teke, ikawaka. Mshonaji alikuwa na muda. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kulikimbia: pikipiki ile ilikaa ikinguruma mbele yake, nati iko pale pale, mkono wake ungeweza kuifikia. Alisimama na saa kiganjani. Aliwaza, kama hajafanya kitu, atarudi salama, nitamwomba radhi. Akaibonyeza saa.

Themanini alipanda vizuri. Mtu asingejua kwamba alikuwa hajapanda kwa miaka. Alikwenda polepole kwenye ukingo, injini ikasinzia kama kawaida yake, kisha ikaamka na kumsukuma, naye akaishika bila papara. Alipita topeni. Tisa alikuwa njiani akirudi kutoka kwenye bomba, akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akapiga kelele ya furaha kumwona kaka yake juu ya pikipiki. Themanini akamwinulia mkono mmoja. Halafu akageukia kilima.

Aliporuka, gurudumu la mbele lilikuwa mahali pake. Angani lilianza kuinama upande, taratibu kabisa. Pikipiki ilipogusa chini, gurudumu lilichomoka likaendelea na njia peke yake, na miguu minene ya mbele, ile isiyopinda hata ukitua vibaya, ikachimba ardhini.

Vibarua wa matofali walikuja mbio, wakaja na mlango wa kumbebea. Haukuwa na kazi. Tisa alikuwa amepiga magoti, ameishika helmeti kwa mikono miwili bila kuivua, akisema, "Kaka, amka, bwana. Kaka. Umeshinda, bwana, amka." Mshonaji alifika mwisho. Njiani alipita kwenye gurudumu, lililolala ubavu kwenye majani. Baadaye, watu walipokuwa wakimpandisha marehemu kwenye gari, alimwona mumewe anarudi nyuma, anainama mahali, anaokota kitu kirefu cha chuma na kukitazama. Alikitazama sana. Kisha akakificha ndani ya shati.

Walimzika. Mama yao, ambaye hakuwahi kupanda wala kuelewa pikipiki, aliuliza swali moja tu siku zile zote: kwa nini mtu mwenye goti vile alipanda? Waombolezaji walitazamana. Hakuna aliyejua, na mshonaji alikuwa akipanga vikombe.

Wageni walipotawanyika, Tisa aliingia karakanani mchana akamkuta mkewe ameketi kwenye cherehani isiyo na kazi. Mume alikuwa amekonda. Hakuwa amefanya mzaha tangu siku ile, na bila mzaha alionekana mtu mwingine. Alifagia vipande vya ngozi kwa kiganja chake, akaweka ekseli mbili juu ya meza ya cherehani, moja pembeni ya nyingine, akazisawazisha upande mmoja.

"Angalia," alisema.

Moja ilikuwa fupi. Kwa ukucha mmoja tu, labda na nusu.

"Hii fupi ni ya sabini na nane na sabini na tisa. Zinaingiliana. Kuanzia themanini miguu ya mbele ilinenepa, wakairefusha. Najua. Nilijua kabla sijajua kunyoa ndevu." Alikuwa akiongea kwa sauti kavu. "Kaka alinitolea ile ndefu, akaiweka juu ya gunia. Sikuitazama. Nilichomoa gurudumu, nikalipeleka na ekseli yake, nikakaza. Nilikuwa napiga mluzi. Nati ilishika meno mawili matatu, mimi nikaona imekaza."

"Wewe ndiye uliyefunga," alisema mshonaji. Haikuwa sauti yake.

"Mimi. Yeye asingeigusa. Ningekuwa mimi niko juu yake, ingekuwa haki." Alizigusa zile ekseli mbili kwa kidole. "Kitu kimoja tu sikielewi. Ilikuwa zamu yangu. Kwa nini alipanda yeye? Mlikuwa wawili pale. Alikwambia nini?"

Mshonaji aliinua macho. Nje, mama mkwe alikuwa akikohoa. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga: nilimwambia anataka kukuua; niliiona nati haina ncha, nikanyamaza. Angeyasema, mzigo ule ungegawanyika mara mbili, na mume wake asingeubeba mwenyewe. Aliutazama uso wake, na hofu iliyokaa kitako nyumbani mwake ikahama ikaja kukaa mdomoni. Na marehemu alikuwa amekwisha kumpa jibu. Alikuwa amemwachia kwa wema.

"Alisema anakupashia injini moto," alijibu.

Tisa alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Kumbe alikuwa ananisaidia," alisema. "Mpaka mwisho alikuwa ananisaidia."

Alikwenda ukutani. Msumeno ulikuwa umerudishwa na gari, mtu fulani akautundika mahali pake bila kufikiri. Tisa aliushusha. Akaiburuta ya sabini na tisa katikati ya karakana, akaondoa kiti alichokishona mkewe, akakilaza pembeni kwa heshima, akaliondoa tangi. Fremu ikabaki wazi.

"Usifanye hivyo," alisema mshonaji.

"Tulikubaliana."

"Hukuwa wewe peke yako," alianza, na sauti ikamwishia hapo.

Mumewe alisubiri, msumeno ukiwa juu ya bomba la fremu, akimtazama kwa macho ya mtu anayeomba aambiwe chochote. Mshonaji alishusha macho yake mezani. Kwenye droo ya cherehani iliyobaki wazi, pale alipoiweka siku ile bila kuisimamisha, saa ya kamba ilikuwa bado inahesabu.

Tisa akaanza kukata.